Alama Namba 398

Hapa mwaloni Nkome wananiita Mama Rula. Sikujipa mimi jina hilo wala silipendi, lakini nimechoka kugombana nalo. Kila asubuhi mitumbwi ikifika mimi nipo pale ufukweni na ubao wangu wa kupimia, mizani na daftari, na kabla sijamgusa samaki hata mmoja utamsikia mtu anapaza sauti: "Jamani, Mama Rula huyo, ficheni wafupi!" Wanacheka. Nami mdomo ninao, nawajibu: "Anzeni kumficha baba yenu." Basi wanacheka zaidi, tunaanza kazi.

Kazi yangu ni kukusanya takwimu za uvuvi. Napima urefu wa sangara na sato, nawapima uzito, nauliza wamevuliwa na nyavu gani, wavuvi walikuwa wangapi, walilala upande upi wa ziwa. Ugomvi mkubwa ni kitoweo. Kabla samaki hawajafika kwangu, kila mvuvi ameshachomoa wake wa nyumbani, na ukimwambia alete huyo naye apimwe anakushangaa. "Huyu si samaki, Mama Rula, huyu ni kitoweo." Wataalamu huko ofisini wanaandika ripoti kwamba samaki wamepungua, kumbe wengine wamo kwenye mifuko ya Rambo. Mimi kitoweo nakiandika. Nakimbizana na mtu mpaka mlangoni kwake nakiandika.

Kukiandika kitoweo nilifundishwa na mume wangu. Salmini alizaliwa Tanga, akasomea sayansi ya bahari, akaandika barua za kuomba kazi pwani nzima hadi mkono ukamuuma. Kazi ikaja kupatikana ziwani. Alikuwa anasema yeye ni mtu aliyesomea chumvi akapewa kazi kwenye maji ya kunywa. Alikutana na mimi Shinyanga mjini, dukani kwa baba yangu, amekuja kununua kamba. Alinunua kamba mara nne kwa wiki moja. Baba akaniuliza, "Huyu kijana anafunga nini?" Nikamwambia sijui, na moyoni najua kabisa.

Bahari sijaiona mpaka leo. Aliniahidi kwamba siku akipata kazi ya pwani atanipeleka maji yakiwa yamekupwa, tutembee kwa miguu pale ambapo asubuhi palikuwa na kina, anionyeshe viumbe kwa majina yao. Nilikuwa namwambia aache uongo. Sasa ndiyo kitu ninachokitamani kuliko chochote, na siyo bahari ninayoitamani.

Taasisi ya uvuvi iliyomwajiri ilimpa mradi wa kuwatia alama sato, ili ijulikane wanahama kutoka wapi kwenda wapi. Alama yenyewe ni kijiti cha plastiki cha njano, hakizidi urefu wa kidole, chenye kishikizo kama kile kinachoshikilia bei kwenye nguo za dukani. Unamkamata samaki, unampima, unamchoma alama mgongoni, unaandika namba na mahali, unamwachia. Mvuvi atakayemvua apige simu aseme kampata wapi. Kwenye kila kijiti kulikuwa na mambo mawili tu: namba ya samaki, na namba ya simu. Simu ilikuwa ya mradi, laini imesajiliwa kwa vidole vya Salmini, na alikuwa haiachi hata akienda msalani.

Alama zilikuwa mia nne. Mimi ndiye niliyekuwa nazipanga jioni kwenye sindano zake, arobaini kwa siku moja ya kazi, kwa kufuata namba. Kwenye mpangilio Salmini alikuwa mkali. Ungeruka namba moja tu, angeanza upya yote.

Jioni ya mwisho nilipanga 361 mpaka 400. Asubuhi yake tukagombana.

Naueleza ugomvi wenyewe, maana miaka yote hii nimeueleza kwa Mungu tu. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na barua nyingine ya pwani ilikuwa imerudi na majibu yale yale. Alikaa kitandani ananung'unika kwamba watu walioshindwa darasa la saba wanajenga ghorofa Geita, yeye anahesabu magamba. Akasema huenda angeenda machimboni kama wenzake. Mwanaume akinung'unika asubuhi nami sijanywa chai, sina subira. Nikamwambia, "Basi nenda. Nenda ukachimbe, utuondolee kelele." Akanitazama. Akachukua sanduku la alama na buti zake. Hakunipa mkono, nami sikutoka mlangoni.

Saa nane mchana upepo ulibadilika, ziwa likachafuka. Kesho yake boti ilikutwa imepinduka karibu na mawe. Siku ya tatu mwili wa Januari, dereva wa boti, ukaonekana. Wa Salmini haukuonekana. Walitafuta siku kumi na mbili, wavuvi wa mialo mitatu, hata wale niliokuwa nakimbizana nao kwa sababu ya kitoweo. Daftari lake halikuonekana, simu haikuonekana, wala alama hata moja.

Ndipo maneno yakaanza. Nani aliyaanzisha sijui, na afadhali nisimjue. Wakasema Salmini hakufanya kazi siku ile. Wakasema alimwambia Januari amshushe ng'ambo asubuhi ile ile, akapanda gari kwenda machimboni, Januari akarudi peke yake dhoruba ikamkuta. Mmoja akasema kamwona Kharumwa, amefuga ndevu. Mwingine akasema Bulyanhulu, ana mke. Na mimi ningembishia nani? Si ni mimi niliyemwambia nenda?

Mama yake, Bi Shadya, alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya matanga. Matanga hayakufanyika na yeye hakuondoka. Tunaishi naye hapa Nkome vyumba viwili. Yeye yale maneno aliyapokea kwa mikono miwili. "Amekwenda machimboni," anasema, kama anayesema amekwenda sokoni. "Atarudi. Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo." Kila Ijumaa anapika wali wa nazi, nazi ya kuagiza, anaweka sahani ya tatu. Sheikh niliyemuuliza alisema nisubiri, kwa kuwa hakuna aliyeona maiti wala aliyeona mtu. Eda sikukaa. Nikavaa nguo zangu za rangi, nikapaka hina sikukuu, si mke si mjane, miaka mitatu na zaidi.

Na simu nimeipiga. Usinicheke. Mwanzoni kila siku, baadaye kila Ijumaa, namsikiliza yule dada wa kampuni akiniambia mteja hapatikani kwa sasa, nijaribu tena baadaye. Hayo maneno, "kwa sasa," yamenilaza na yameniamsha. Mtu wa duka la simu aliniambia laini ikikaa bila chochote hupewa mteja mwingine, basi kila mwisho wa mwezi nairushia vocha. Sijui kama inasaidia. Mpaka leo hajapewa mtu.

Kitu kimoja kilinishangaza zaidi: katika sato mia tatu sitini aliowaachia kabla ya siku ile, walirudi watatu tu. Taasisi wakasema mradi umeshindwa. Wakabandika matangazo yenye namba mpya, lakini samaki walioko majini hawasomi matangazo, mgongoni wanayo namba ya Salmini. Mimi kila siku nageuza migongo ya sato natafuta njano. Nilijua namtafuta nani. Namtafuta wa 361 kwenda juu, hata mmoja. Nikimpata huyo nitajua kama mume wangu alifanya kazi siku ile au alinikimbia.

*

Mwezi wa saba mwaka huu, Vumilia akanishika mkono pale mwaloni. Vumilia ananunua samaki hapa anapeleka machimboni, upande wa Kharumwa, anawauzia mama ntilie. Ana sauti kubwa lakini siku hiyo alininong'oneza.

"Mama Rula, kile kijiti chako cha njano nimekiona."

"Kwenye samaki?"

"Kwenye mtu."

Akanieleza. Kuna mchimbaji anaitwa Bujiku, amekivaa shingoni, kimefungwa kwenye nailoni na uzi mwekundu. Na si yeye peke yake. Kumbe wavuvi wetu, hawa hawa wanaonicheka na rula yangu, wakimkuta sato ana kitu cha njano mgongoni chenye namba, walijua ni dawa. Walisema kuna mtu kamtegesha samaki kwa ajili ya bahati yake. Wenye woga wanamrudisha majini, wenye tamaa wanakichomoa na kukiuza machimboni, maana mchimbaji anayeshuka futi mia mbili chini ya ardhi hakatai kitu cha kumlinda. Nilimtazama Vumilia nikakosa pa kuanzia kukasirika. Sayansi nzima ya mume wangu ilikuwa inaning'inia kwenye shingo za watu!

"Namba gani?" nikamuuliza.

"Nitajuaje, nami sikuruhusiwa kusogea? Nilimuuliza kakipata wapi, akasema kapewa na mtu."

"Mtu gani?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia," akasema Vumilia, akaangalia pembeni.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Bi Shadya naenda Geita kupeleka fomu. Nilipanda basi la Kharumwa, nikakaa dirishani njia nzima sioni kitu. Nilikuwa nimelipanga jambo lote kichwani kama Salmini alivyopanga alama zake. Plastiki ikikaa majini mgongoni mwa samaki, ziwa linaiachia ukijani wake, unaganda kwenye maandishi na kwenye kishikizo, hautoki kwa kufuta. Zile tatu zilizorudi zote zilikuwa hivyo. Kwa hiyo kijiti kikiwa kisafi, hakijawahi kuingia majini, kimetoka kwenye sanduku la Salmini kwenda mkononi mwa mtu, na huyo mtu alimwona Salmini nchi kavu. Yu hai. Yu hai na amenikimbia. Na kikiwa kijani, na namba yake imepita 360, basi mume wangu hakunikimbia, na mume wangu hayupo.

Utauliza nilikuwa naomba kipi. Nilikuwa naomba vyote viwili. Kwenye kona hii naomba kiwe kisafi, nikamkute na ndevu zake na mke wake, nimtukane mpaka nichoke. Kwenye kona inayofuata naona aibu, naomba kiwe kijani.

Kutoka Kharumwa nilichukua bodaboda hadi machimboni. Mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara pale, lile shimo lao la kuchimbia, wanasema dhahabu inakimbia, kwa hiyo nilikaa kwenye banda la mama ntilie, karasha zinasaga mawe na vumbi linaingia kwenye chai. Nikamtuma mtu akamwite Bujiku. Alikuja mwanaume wa miaka kama thelathini, mrefu, mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu, na adabu nyingi.

"Shikamoo mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma; hatukupishana miaka mingi, lakini nikaitikia marahaba. Nikamwambia jina langu ni Zuhra, nimetoka Nkome, nafanya kazi ya samaki, na nimekuja kuona kitu alichovaa.

Mkono ukaenda shingoni. "Hiki hakiguswi na mwanamke, mayu. Usinielewe vibaya."

"Sitakigusa. Nani alikupa?"

"Mtu."

"Mtu wa namna gani? Mrefu? Anaongea Kiswahili cha pwani?"

"Mambo haya hayaulizwi. Ukimtaja aliyekupa, nguvu zinaisha."

Hapo nilitaka kumrukia, nakwambia kweli. Nilitaka kumkunja shati nimwambie, huyo anayesema hayaulizwi hajalala miaka mitatu peke yake. Lakini nilijua nikigombana anarudi duarani na mimi narudi Nkome. Nikabana meno. "Basi nionyeshe tu," nikasema. "Shika wewe mwenyewe."

Akafikiri, akageukia nyuma kuangalia kama wenzake wanaona. Akatoa uzi mwekundu ndani ya shati. Nailoni ilikuwa imezungushwa mara nyingi na kuchakaa, ndani nikaona njano lakini sikuona zaidi.

"Ifungue."

"Mayu!"

"Nakuomba. Namba tu."

Alifungua taratibu kwa kucha, nailoni moja baada ya nyingine, akiwa amekishika kwa ncha za vidole. Nikainama mpaka karibu na mkono wake. Namba ilikuwa 398.

Tatu tisa nane! Niliipanga mwenyewe, jioni, kwenye sindano. Baada yake zilikuwa zimebaki mbili tu.

"Kigeuze," nikasema. "Umewahi kukiosha?"

Akashtuka. "Hiki hakioshwi! Ukikiosha umeosha bahati. Tangu nikipate hakijaona maji."

Akakigeuza juani. Kwenye kishikizo kulikuwa kumenasa kigamba kikavu cha sato, na hapo, na kuzunguka ile namba ya simu, ndani ya kila tarakimu, kulikuwa na ukijani. Ulikuwa umekauka na kuwa mweusi pembeni, lakini katikati ulikuwa kijani kabisa, kijani cha Nkome, kile ninachokisugua kwenye ubao wangu kila jioni. Bujiku alikuwa amenitunzia bila kujua.

Basi Salmini hakushuka ng'ambo. Alifika kazini amekasirika, akafungua sanduku, akaanza na 361 kwa mpangilio wake, akapima na kuandika, samaki mmoja mmoja, saa baada ya saa, mpaka 398, na kazi ya namna ile haifiki 398 kabla ya saa nane mchana. Upepo ulimkuta labda na zile mbili mkononi. Nilimwambia nenda ukachimbe, na yeye alikwenda kazini kama siku zote, na kama ziwa lingemngoja nusu saa angemaliza, angerudi nyumbani tukaendelea na ugomvi wetu.

Nililia pale bandani mbele ya watu, kwa sauti. Mama ntilie akaleta maji. Bujiku alisimama na kijiti chake, hajui akifunge au akitupe.

"Mayu, hiki ni kibaya? Kina mtu?"

"Si kibaya," nikasema nilipoweza. "Kimeandikwa namba ya samaki. Na hiyo nyingine ndefu ni ya simu."

"Hiyo naijua," akasema. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa. "Huwa naipiga."

"Unaipiga?"

"Kila ninapotaka kushuka. Namsikia yule dada anasema hapatikani kwa sasa. Nikishamsikia, natulia, nashuka. Mwaka jana duara letu liliporomoka, siku hiyo nilichelewa kushuka kwa sababu mtandao ulikuwa unasumbua, sikuweza kupiga. Ndiyo maana nipo." Akavuta pumzi. "Siku zote natamani mwenye namba apokee nimshukuru. Unamfahamu?"

"Namfahamu. Ni mume wangu."

Uso wake ukafunguka. "Wabeja sana, asante sana, mayu! Yuko wapi?"

Swali hilo nimeulizwa na ofisi, na polisi, na wavuvi, na majirani, na wote nimewajibu kwamba bado hajapatikana. Nilifungua mdomo nikitaka kumjibu hivyo hivyo.

"Amefariki," nikasema. "Alizama ziwani. Amefariki mume wangu."

Lilikuwa neno dogo kuliko nilivyoliogopa. Bujiku alivua kofia yake. Kisha akavua na uzi, akaninyooshea kijiti, yeye aliyekataza mwanamke asikiguse. Nilikishika kidogo, nikapitisha kidole kwenye 398, nikakirudisha kwenye nailoni yake nikamfungia mwenyewe. Nilitoa fomu kwenye mkoba nikajaza namba ya alama, hali ya alama, jina la aliyenayo. Penye aliyemwachia samaki niliandika Salmini, na tarehe ya siku ile. Kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa na kazi iliyoandikwa.

*

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Bi Shadya alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, maana kesho yake ni Ijumaa. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu yake, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata ugomvi. Sikumficha neno. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye ukijani, ikasimama.

"Hakwenda machimboni," akasema.

"Hakwenda, mama."

"Hakutukimbia."

"Hakutukimbia."

Akausogeza ungo wa mchele pembeni. "Afadhali angetukimbia," akasema, akaniegemea, na ndipo nilipomsikia mama mkwe wangu analia kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi la Tanga.

Tulimwita sheikh. Akasikiliza, akasema kuna wanaoihesabu eda tangu siku ya kifo, na kwa hesabu hiyo yangu ilikwisha zamani. Nikamwambia ilikwisha bila mimi. Nimeacha hina, nimevaa nguo za eda, nimekaa. Ubao wangu wa kupimia anao Vumilia, na nasikia anakimbizana na kitoweo vibaya kuliko mimi. Ijumaa Bi Shadya anapika wali wa nazi bado, ila sahani ni mbili.

Mimi simu siipigi tena. Lakini mwisho wa mwezi ulipofika nilimtuma mtu dukani, nikairushia vocha kama kawaida. Ikipewa mteja mwingine ataipokea, na kuna mtu kule Kharumwa bado anaipiga kabla ya kushuka.